Kokoto za Bwawani kwa Kiboko

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, bwawa lilikuwa moja tu katika nchi yao, na mwenye amri juu yake alikuwa Mfalme Kiboko. Hakuna aliyekunywa bila kumsifu kwanza. Kiangazi kimoja Pongo akakataa kumsifu. Walinzi, nyati wawili, wakamfukuza, na mwanawe akafa kwa kiu.

Jirani yake, Bi Nguchiro, alisaidia kumzika mtoto yule. Kisha akaenda kwa Kiboko, moyo ukimdunda pu, pu, pu.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba. Una lipi?"

"Wanyama wa ng'ambo wanasema unasifiwa kwa hofu tu."

"Mimi? Kila mtu ananipenda."

"Ndivyo nilivyowajibu. Wakasema, basi athibitishe."

"Nithibitishe vipi?"

"Tuweke mitungi miwili nyuma ya jamvi. Anayetaka utawale peke yako atie kokoto mtungi mwekundu. Anayetaka bwawa liwe la wote, mweusi. Kila mmoja aingie peke yake, asionekane. Nawe uwaalike hao wa ng'ambo, uape mbele yao kwamba utakubali matokeo. Watakosa la kusema."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. "Waite."

Wageni wakaja, Kiboko akaapa. Wanyama wakapanga foleni. Kokoto zikaanguka, to, to, to, na Nguchiro hakujua zinaangukia wapi.

Jamvi likaondolewa. Mtungi mwekundu ulikuwa na kokoto moja, aliyoitia Kiboko mwenyewe.

"Wafukuzeni wote," Kiboko akanguruma.

Nguchiro akafumba macho. Lakini nyati hawakusogea.

"Mzee," mmoja akasema taratibu, "hata sisi tulitia mweusi. Na wewe umeapa."

Nguchiro akashusha pumzi, akaketi palepale matopeni. Wanyama wakaingia majini. Pongo alikunywa huku akilia.

"Na Kiboko tumfukuze?" wakauliza.

"Naye ana kiu," Nguchiro akajibu. "Apange foleni kama sisi."

"Basi wewe ututawale, mpaka ufe."

"Masika mawili tu. Kisha mtachagua tena."

Masika mawili yakapita, wakamchagua Pongo. Nguchiro akarudi kwake, akajinyoosha mlangoni, akalala mchana kutwa kama mtu aliyetua mzigo.

Basi jueni, wanangu: sifa za hofu huishia mdomoni, hazifiki moyoni.