Ngoma Iliyofyeka Nyasi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na ugomvi wa majirani, palikuwa na kijiji chenye bwawa moja tu. Kaeni vizuri. Na wewe uliyenawa miguu kwa ndoo nzima jana, sogea mbele kabisa. Hadithi hii ni yako.

Katika kijiji hicho aliishi Sange. Mnamjua Sange? Kamnyama kadogo kama panya, pua ndefu, miguu haimtulii. Kutwa anafagia. Vinjia vyake vyote havibaki na jani hata moja. Aliishi na mama yake mzazi, mzee ambaye macho yalishaingia kiza na miguu ilishagoma.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Nyasi zilikauka mpaka milangoni, ukizigusa zinalia kacha-kacha. Bwawa nalo likashuka. Na nani alikuwa analimaliza? Wakubwa! Kiboko kalala humo kutwa nzima. Ndovu anajimwagia mgongoni, fwaa! Nyati anagaagaa mpaka maji yanageuka uji. Nikikumbuka tu, nachemka.

Sange akawafuata pale pale bwawani.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba, we kitoto."

"Maji yanakwisha, wajomba. Acheni kuoga, tubakize ya kunywa. Halafu tufyeke nyasi kuzunguka kijiji. Nyegere anarina asali kule bondeni na kienge cha moto kila siku. Cheche moja ikidondoka, tumekwisha!"

"Kwa-kwa-kwa!" Kiboko akacheka. "Sange na ufagio wake! Moto ukija si tunakimbilia mtoni?"

"Mtoni ni mwendo wa nusu siku. Mama yangu hatembei."

"Basi mwache," akasema Kiboko, akazama zake. Chubwi!

Mwache! Hivyo hivyo, kama vile ni chungu kilichopasuka. Sange alitetemeka kwa hasira mpaka pua ikacheza. Kesho yake akarudi kuwaambia tena, wakacheka tena. Siku ya tatu Nyati akamrushia tope usoni. Pwaa!

Sange akarudi nyumbani, akajifuta tope, akalia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira.

"Ukweli hawautaki," akamwambia mama yake. "Sasa nitawapa wanachokitaka."

Wakubwa wale walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni ngoma. Kila mmoja aliamini kwamba duniani hajazaliwa mchezaji kama yeye. Asubuhi Sange akapanda juu ya jiwe.

"Wajomba ee! Siku ya saba kuna mashindano ya ngoma ya mduara! Bingwa anavishwa kilemba chekundu!"

"Kilemba changu hicho!" akanguruma Nyati.

"Chako wapi? Na kiuno hicho?" Kiboko akatoka majini mbio.

"Lakini uwanja," Sange akasema, "lazima uzunguke kijiji kizima, maana nyie miili yenu haienei kwenye kiwanja cha kuku. Na uwe udongo mtupu. Mchezaji akizongwa na unyasi hata mmoja, nje! Kila mtu atengeneze upande wake."

"Na mwiko je?" akauliza Ndovu. Alikuwa mtu wa mila, na kwao hapakuwa na ngoma bila mwiko.

Aa! Sange hakuwa amefikiria mwiko. Akalitazama bwawa, akamtazama Ndovu.

"Mwiko ni kuoga, mjomba. Ukiingia bwawani kabla ya siku yenyewe, miguu inakuwa mizito. Kunywa, ruksa."

Basi kazi ikaanza. Ndovu anang'oa, Kiboko anakwangua kwa midomo yake mipana, Nyati anachimbua kwa kwato, ti! ti! ti! Sange anafuata nyuma akifagia. Siku ya sita kijiji kilikuwa kimevaa mshipi wa udongo mwekundu, na bwawa lilikuwa limetulia, maji safi.

Ila Nyati, mvivu yule, aliacha kichaka kimoja cha nyasi nyuma ya jiko lake.

"Mjomba, na hiki?" Sange akauliza. Nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa jiko hilo.

"Kelele! Hicho cha kutafuna nikitoka mazoezini. Hata uwanjani hakipo."

"Lakini mjomba..."

"Nimesema kelele!"

Siku ya saba, jua la utosi, wakubwa wakajipanga.

"Haya, wapigaji wako wapi?" akauliza Kiboko. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Hakuna," akasema Sange. "Hakuna wapigaji, hakuna kilemba, hakuna ngoma."

"Nini?" Nyati akainua kwato juu ya kichwa cha Sange. "Nikuponde?"

"Subiri," akasema Ndovu, mkonga juu. "Moshi huo."

Vuuu! Moto ulikuwa unapanda kutoka bondeni, nyasi zinalia pa-pa-pa! Hata kukimbia haikuwezekana, ulishawazunguka. Ukafika kwenye ule mshipi wa udongo, ukatafuta cha kula, ukakosa. Ukapungua, ukafa.

Lakini cheche moja ikapeperuka, ikatua kwenye kichaka cha Nyati. Jiko lake likashika, pu! Cheche zikarukia paa la Sange.

"Mama yangu!" Sange akapiga kelele. "Yumo ndani! Maji!"

Ndovu akakimbilia bwawani, akavuta mkonga mzima, fwaa! juu ya paa. Akarudi tena, fwaa! Paa likafuka moshi, likazima. Jiko la Nyati likabaki majivu.

Kiboko akafuta jasho. "Sange, ulitudanganya."

"Ndiyo, niliwadanganya!" Sange akamkaripia, machozi yanamtoka. "Ukweli niliwaambia mara tatu, mkanirushia tope! Uongo mmoja tu, mkaukimbilia! Maji aliyozimia moto Ndovu, wewe ungekuwa umeyalalia! Haya, rudia sasa. Niambie tena nimwache mama!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mzee, akikohoa. "Mwanangu, mbona kelele zimekatika? Ngoma imekwisha? Nani kashinda?"

Wakubwa wakamtazama Sange. Sange akajifuta pua.

"Bado wanabishana, mama."

Nyati alikwenda nyuma ya jiko lililoungua, akaanza kung'oa visiki vya nyasi, kimoja kimoja, na Sange akaenda kuchukua ufagio.

Nami naishia hapo, na funzo ni hili, wewe wa ndoo nzima: tunza maji na fyeka nyasi ungali na nafasi, maana moto ukishafika hausubiri ujiandae.