Pambo Lililokosea Mlango

Sogeeni, wajukuu zangu, lakini mikono isilale. Maganda ya mahindi yakikauka kabla hayajasukwa hukatika, na sitaki mtu aje kuniambia alikuwa anasikiliza hadithi. Mmeniuliza kwa nini huku kwetu milimani, sikukuu ya mavuno ikifika, mtu hahangaiki na mlango wake bali hupamba wa jirani. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Zamani hizo kila nyumba ilijipamba yenyewe. Wanawake waliloweka maganda, wakayachana, wakayasuka mashada yenye mbegu nyekundu za tipitipi. Aliyekuwa na shada zuri kuliko wote ndiye aliyepata heshima ya kulisha kijiji kizima uwanjani kwake. Basi ikawa kila mwamba ngozi huvutia kwake. Jirani akichungulia kazi yako, unaifunika kwa ungo. Lakini pambo halikuwa urembo tu. Asubuhi ya sikukuu wazee walipita mlango hadi mlango, na mlango wenye pambo ulipewa zamu yake ya maji ya mfereji kwa mwaka mzima. Mlango mtupu ulihesabiwa kuwa wa mtu aliyeacha kulima, na zamu yake wakapewa wengine. Tena pambo likishatundikwa, ilikuwa mwiko kulishusha mpaka mvua za kwanza zinyeshe.

Alikuwapo mjane mmoja, Nakundwa, mwenye watoto watatu wadogo. Siku chache kabla ya sikukuu chungu cha uji kilimmwagikia mkono wa kulia, ukavimba hata asiweze kushika kijiko. Akaenda kwa jirani yake Nambike, fundi wa kusuka asiye na mpinzani, akamwomba amsukie hata kishada kidogo. Nambike hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alipenda sifa tu, kama baadhi yenu hapa ninaowajua. Alijibu kwamba lake halijaisha, aje baadaye, na hiyo baadaye haikuja. Nakundwa akajaribu kwa mkono wa kushoto siku mbili, na kila alichosuka kilifumuka. Aliwatazama wanawe wakila, akaingiwa na hofu, maana shamba la huku bila maji ni mawe matupu.

Siku ya sikukuu Nambike aliamka na jogoo wa kwanza. Shada lake alikuwa amelificha kwa mama yake, ng'ambo ya mfereji, watu wasije wakaiga mtindo. Akalifuata, akarudi nalo. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wetu wa kunyoosha mkono usione vidole. Akapapasa kuta hadi akafika penye mlango, akatundika shada, akalifunga mafundo saba, kisha akaenda zake kisimani kunawa uso, moyo umetulia.

Ukungu ulipoinuka, wazee walikuwa wameshaanza kupita, kijiji kizima kikiwafuata. Nambike akarudi, akaona mlango wake mtupu na shada lake liko kwa jirani. Akafungua kinywa apige yowe. Kabla hajapiga, Nakundwa alitoka nje, akaliona shada, akalia mbele za watu. Akamshukuru Nambike, akawaita wanawe waje wampigie magoti. Mzee Mbonea, aliyesimamia mfereji, akaitangaza palepale zamu ya Nakundwa.

Nambike aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza akala sifa za bure, na kusema kweli alizipenda sana. Safari hii akazitema.

"Dada, usinishukuru," akasema. "Nilikosea mlango."

Nakundwa akafuta machozi kwa mkono wake mzima.

"Umekosea mlango," akamjibu, "lakini mimi nimepata maji."

Ikabaki nyumba ya Nambike. Shada halishushwi, na ganda hakuwa nalo hata moja, yote ameyamaliza kwa mbwembwe zake. Wazee wakasimama mbele ya mlango ule mtupu, na Nambike akajua mwaka wake umekwenda. Hapo Nakundwa akaokota ganda moja uani kwake, akalifunga kwenye komeo la Nambike kwa mkono wa kushoto na meno. Fundo moja tu, tena limepinda. Mzee Mbonea akainama kulikagua. Mwisho akasema kwamba mila inataka mlango uwe na pambo, haikusema lisukwe na nani wala liwe zuri kiasi gani. Nambike akaketi chini, akacheka. Kijiji kikacheka naye. Siku hiyo hakuna aliyeuliza shada la nani ni zuri. Walikula kati ya nyumba zile mbili, na Nambike ndiye aliyemmegea Nakundwa matonge.

Na tangu siku hiyo hakuna mlango unaokaa mtupu huku kwetu, maana hakuna anayeachiwa kuupamba mwenyewe. Kesho mtayapeleka hayo mnayoyasuka, na msione haya yakipinda. Anayetundika hubisha hodi akasema, "Nilikosea mlango." Na wa ndani, hata kama jana waligombana, hufungua na kumwambia, "Lakini mimi nimepata maji."