Nguchiro na Mkeka wa Harusi

Kabla sijaanza, niseme kosa langu, maana Mungu analijua na ninyi hamlijui. Zamani nilikuwa navunja kokoto kwa tajiri mmoja mkali. Nikichoka, nasema bibi yangu amekufa, nipewe ruhusa. Mara ya kwanza nikapewa siku tatu. Mara ya pili nikapewa mbili. Mara ya tatu nikapewa nusu siku, maana tajiri alianza kujiuliza nina mabibi wangapi. Na bibi mwenyewe, Mwanahija binti Shehe, yuko nyumbani mzima, anasuka ukili wa mikeka, ananiuliza, "Leo hakuna kazi, mjukuu wangu?" Ngano hii ni yake.

Niwape, nisiwape?
— Tupe, mikono iko wazi!
Ya kweli au ya uongo?
— Yoyote, masikio yametulia!

Basi alikuwapo Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa mguu, na mkia wake nusu. Nusu nyingine niulizeni ilikwenda wapi.

— Ilikwenda wapi?

Sikilizeni. Nguchiro kwanza alifanya kazi kwa Kiboko, kumsugua mgongo. Kiboko akisikia raha, anazama. Bup! Nguchiro naye, bup! Akaacha kazi. Akaenda kwa Tembo, kufagia nyuma yake njiani. Afagie, puu! Afagie, puu! Akaacha kazi. Akaenda kwa Chui, kumchokonoa meno. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote. Chui akishiba husinzia, na akisinzia hufunga kinywa. Siku moja Nguchiro alikuwa ndani anachokonoa, kinywa kikafunga, kap! Yeye akatoka. Nusu ya mkia haikutoka.

Akakimbia, akapata kazi kwa Bibi Kobe, msusi wa mikeka. Kazi yake kushona: anachukua shazia, ile sindano ndefu ya mikeka, anaunga ukili kwa ukili. Choma, vuta, kaza. Choma, vuta, kaza. Kazi nzuri, ya kivulini. Lakini Nguchiro hakukosa neno. "Bibi Kobe, chakula cha mchana kinafika alasiri!"

"Nakileta kwa miguu yangu, mjukuu wangu. Ningekuwa na miguu mingine ningeitumia hiyo."

Siku moja wakawa wanakunga pindo la mkeka wa harusi ya binti Kanga. Na mkeka wa harusi una adabu yake. Ukianza kukungwa pindo, yaani kushonwa kingo zake, lazima mtu akae katikati yake, asiinuke mpaka pande zote nne zikamilike, ili bi harusi atulie nyumbani kwake. Na anayekaa hulishwa palepale: kila upande ukiisha, bakuli la uji wa nazi. Siku hiyo alikaa Bibi Kobe. Hakuna anayejua kukaa kama yeye.

Mara majani yakalia, chakacha, chakacha. Chui huyo!

"Nguchiro! Mfupa umenikwama jinoni siku ya tatu. Inuka, rudi kazini."

Nguchiro akahisi kile kipande cha mkia kisichokuwapo kinamwuma. "Shikamoo, bwana mkubwa."

"Salamu baadaye. Inuka, au nikumeze hapahapa."

"Naja, bwana. Namaliza pindo tu. Na huyu bibi akishapata mabakuli yake manne ya uji, twende zetu."

Chui akageuza shingo. "Mabakuli mangapi?"

"Manne. Ni ya anayekaa."

"Uji wa nini?"

"Wa nazi, bwana. Unalambika, hautaki meno."

Chui akameza mate. "Wewe bibi kizee, mabakuli manne utayaweka wapi na hilo gamba? Toka, nikae mimi."

Bibi Kobe akatoka polepole. Akamtazama Nguchiro, akatazama shazia, akaelewa. Akaingiza kichwa ndani ya gamba. "Mimi sioni kitu," akasema kutoka ndani, "na nikiulizwa nitasema kweli sikuona."

Chui akakaa, mkia ameunyoosha nyuma. Nguchiro akashona. Choma, vuta, kaza. Upande wa kwanza ukaisha, Chui akapewa bakuli, akanywa, ghu ghu ghu. Upande wa pili, ghu ghu ghu. Upande wa tatu, ghu ghu ghu, macho yanafumba. Upande wa nne Nguchiro akaushona pamoja na manyoya ya mkia wa Chui. Choma, vuta, kaza.

"Mbona unanitekenya?"

"Ni adabu ya mkeka, bwana. Kunywa la nne."

Akanywa, akacheua, akasema, "Haya, twende."

"Tangulia, bwana mkubwa. Mtumishi hufuata nyuma."

Chui akainuka. Nyuma yake, kwaraa! Akaruka. Kwaraa! Akageuka, nalo likageuka.

"Bwana!" akapiga kelele Nguchiro. "Kuna mtu anakufuata, tena bapa! Kimbia!"

Chui akakimbia. Kwara kwara kwara! Akiongeza mwendo, na lile linaongeza. Akapita mtoni, Kiboko akamwuliza, "Bwana Chui, unahamia wapi na mkeka?" Chui akazidi kukimbia. Mpaka leo ana mfupa jinoni, na hathubutu kuita mtumishi.

Bibi Kobe akatoa kichwa. "Mkeka wetu uko wapi?"

"Umeondoka na mgeni, bibi."

"Na harusi Ijumaa."

Basi Nguchiro akakaa, akaanza upya, mpaka vidole vikamvimba. Chakula cha mchana kikafika alasiri, uji umepoa. Nguchiro akaupokea kwa mikono miwili akasema, "Asante, bibi." Ndiyo mara yake ya kwanza kulisema neno hilo.

Nimewapa, sikuwanyima?
— Umetupa, tumeshika!
Na funzo?
— Liseme!

Funzo ni hili: waheshimuni matajiri wenu wa zamani. Wakija kuwatembelea, wapeni mkeka. Na msiseme uongo kazini.

Hilo la mwisho ni langu. Maana mara ya nne bibi Mwanahija alifariki kweli. Nilipokwenda kuomba ruhusa, tajiri alicheka akanipa nyundo. Wakamzika, mimi navunja kokoto. Leo nasuka ukili kwenye kibao chake, kazi ya mikono yake, na sijawahi kukosa siku hata moja.

Nawaomba kitu kimoja tu. Kabla hamjalala, msomeeni Fatiha.