Mchanja Kuku na Chanjo ya Mafua

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto mchanga, soma hadithi hii mpaka mwisho. Kama hakuna, mpelekee aliye naye.

Katika kijiji kimoja cha milimani, ambako mwezi wa sita watu huota moto mpaka saa nne asubuhi, aliishi bibi mmoja aitwaye Subilaga. Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku. Kila baada ya miezi mitatu alipita nyumba kwa nyumba na kichupa chake, akimdondoshea kila kuku tone moja jichoni, ili ugonjwa wa mdondo usije ukafagia mabanda. Watu walimheshimu sana, maana kabla yake kijiji kilikuwa kikizika kuku kwa makarai.

Mwaka huo binti yake, Atuganile, alirudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo, mwepesi kama mkate. Wakamwita Lugano. Bibi Subilaga alimkanda mama, akampikia mtori, akamfunika mjukuu kwa khanga mbili juu ya blanketi, lakini moyo wake haukutulia. Msimu wa baridi uliopita mafua makali yalipita kijijini, na nyumba mbili zilibaki bila vichanga vyao.

Na desturi ya pale hairuhusu kufunga mlango wa nyumba yenye mtoto mchanga. Kila jirani huja na uji au mkungu wa ndizi, na kila anayekuja hupewa mtoto ampakate.

Kwa hiyo bibi aliposikia kwamba zahanati itatoa chanjo ya homa ya mafua kwa siku tatu, alikuwa wa kwanza kufika, mjukuu kifuani na Atuganile nyuma yake.

Nesi alikuwa kijana wa palepale kijijini, Ambokile. Aliwaeleza waliokaa kwenye benchi kwamba chanjo zilikuwa za aina tatu. Watoto kuanzia miaka miwili wangepuliziwa puani. Watu wazima, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha, wangechomwa sindano ya mkono, na watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili wangechomwa hiyo hiyo pajani. Wazee waliovuka miaka sitini na mitano wangepata sindano yenye nguvu zaidi, kwa sababu mwili wa mzee husikia kwa taabu na lazima uambiwe kwa sauti kubwa. Wazee wakacheka. Akaongeza kwamba hata aliyechanjwa mwaka jana arudie, kwani mafua hubadilika kila mwaka na chanjo hubadilishwa ili iyafuate.

Bibi Subilaga alisubiri amalize, kisha akamsogeza mjukuu wake mbele.

"Anza na huyu."

"Bibi, huyu hajafikisha miezi sita," Ambokile alisema. "Wa umri huu hatuwachanji mafua. Nikuchanje wewe na mama yake."

Bibi aliyatazama yale maboksi matatu. La puani, la mkononi, la wazee. Hakuna hata moja la mjukuu wake.

"Yaani mmewakumbuka wenye meno, mkawakumbuka na tulioyang'oa, halafu huyu ambaye hajaota hata moja mmemwacha?"

Watu walicheka tena. Yeye hakucheka. Alimkumbusha Ambokile kwamba yeye ndiye aliyemwogesha siku aliyozaliwa, na kwamba hakumwogesha ili siku moja aje kumkataa mjukuu wake. Ambokile alijaribu kumweleza, lakini bibi alikwisha simama.

"Chanjo inayomruka mnyonge si chanjo," alisema. "Twendeni, akina mama."

Wakaondoka. Mtu aliyeokoa kuku wa kijiji kizima akisema chanjo hii haifai, nani atabaki kwenye benchi? Siku ya pili Ambokile aliwachanja walimu wawili wa shule, basi.

Siku ya tatu iliangukia siku ya kuchanja kuku. Alfajiri bibi alipuliza filimbi yake, kama afanyavyo kila mara, ili watu wasifungue mabanda. Akapita nyumba baada ya nyumba hadi kwa Mama Ipyana, jirani yake, aliyeanza kufuga mwaka ule ule.

Ndani ya banda bibi aliwakamata kuku mmoja mmoja. Tone, mwingine. Tone, mwingine. Kwenye kona, juu ya kikapu kibovu, kulikuwa na kuku tembe aliyekuwa akiatamia mayai. Bibi akampita.

Mama Ipyana akamvuta khanga. "Bibi, umemruka huyo. Na huyo ndiye mwenye mayai kumi na mawili chini yake. Si ungeanza naye?"

Bibi Subilaga alitabasamu kama fundi anayemsikiliza mwanagenzi. "Anayeatamia hasumbuliwi, mwanangu. Ukimkamata atayasusa mayai. Huyu namkinga kwa kuwachanja wote wanaolala naye banda moja. Mdondo utapita wapi mpaka umfikie?"

Halafu akashusha kichupa chake, akageuka kutazama upande wa nyumba yake. 

"Tangu juzi," bibi aliuliza taratibu, "wangapi wamempakata Lugano?"

Mama Ipyana alihesabu kwa vidole. Wanakwaya, shangazi wa mtoto, mke wa mwenyekiti. "Kumi na mmoja, pamoja na mimi."

"Na waliochanjwa mafua?"

Mama Ipyana akainama. "Si ulitutoa wewe, Bibi?"

Dawa ya kuku ikishafunguliwa haifai kesho, kwa hiyo bibi alimaliza kuku wanne waliobaki, akanawa kwa sabuni, akamchukua Atuganile na mtoto wake wakaenda zahanati moja kwa moja.

Ambokile alikuwa ameanza kufunga maboksi. Bibi alimwambia yote, bila kupunguza. Kijana alimwonea huruma. Akamshauri arudi nyumbani, naye angewafuata huko awachanje ndani, watu wasije wakamcheka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na njia ya migombani ilikuwa haina mtu. Bibi aliutazama ule mlango. Miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma katika neno lake.

Kisha akamtazama Lugano, aliyelala akipumua kwa pua ndogo kama punje ya mahindi.

"Watu walinifuata nikitoka hapa hadharani," alisema. "Nichome hapa hapa kwenye benchi."

Alichomwa ile ya wazee, na Atuganile ile ya watu wazima. Halafu bibi akatoka barabarani, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

Kijiji kikashtuka. Filimbi saa tano mchana? Wanawake walifukuzana na kuku wakiwarudisha mabandani, huku wakinung'unika kwamba bibi amesahau kuwa alishapita asubuhi. Wakaja mbio kumuuliza kuku wamepatwa na nini.

"Fungulieni kuku wenu," bibi aliwaambia, mkono wa gauni bado umekunjwa begani. "Leo nimewaita ninyi."

Akawasimulia habari ya tembe wa Mama Ipyana. Akasema alikosea. Alilisema neno hilo mara mbili, kwa sababu wa nyuma hawakuwa wamesikia.

"Mjukuu wangu bado hachanjiki," alisema. "Banda lake ni ninyi. Mimi niliwatoa kwenye benchi, na mimi nawarudisha."

Mzee mmoja akauliza kama sasa wamekuwa kuku.

"Afadhali kuku," bibi alimjibu. "Hajawahi kubishana na mimi."

Wakacheka, wakaingia. Ambokile hakukaa chini mpaka jua lilipoinama.

Nyumba ya bibi haikufungwa mlango. Ila kwa wiki mbili za kwanza, wakati chanjo ikijijenga miilini, wageni walikaa barazani na kumwona mtoto kwa mbali, na mwenye chafya aliacha uji wake kizingitini akaenda zake. Hakuna aliyenuna.

Baridi ilikuja, na mafua yakaja nayo. Watu walikohoa. Bibi mwenyewe alilala siku mbili chumba cha peke yake, akaamka. Vichanga vilivyozaliwa mwaka ule kijijini vilikuwa vitano, na vyote vitano viliona jua la mwezi wa tisa. Lugano alikuwa amenenepa hata wageni waliompakata wakawa wanambadilisha mkono kila baada ya muda mfupi, wakisema amekuwa mzito.

Funzo: Asiyeweza kujikinga hukingwa na walio karibu naye, kwa hiyo ukichanjwa huchanjwi kwa ajili yako peke yako. Na kama uliwapoteza watu hadharani, warudishe hadharani.