Aliyeshiba Asubuhi ya Karamu

Sogeeni, wanangu, sogeeni msikie. Zamani hizo za mbali, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugongeana milango kuombana chumvi, Bi Tembo alipata mtoto. Akaandaa karamu ya kumpa jina, na mtungi mkubwa wa asali akaufungia ghalani.

Asubuhi ya karamu, lo! Mlango umevunjwa, mtungi haupo!

"Uwiii! Nimeibiwa!" Bi Tembo alipiga yowe hadi paa likatikisika.

Nyati akaja kwa vishindo, gidi, gidi, gidi! "Mwizi ni Ngiri! Shimo lake si liko nyuma ya ghala? Afukuzwe kijijini leo hii!"

Maskini Ngiri! Aliwakumbatia wanawe wanne. "Jamani, mimi na asali wapi na wapi? Mimi mama wa mizizi tu!"

"Tusibishane," alisema Bi Tembo. "Aitwe Bwana Korongo."

Bwana Korongo alikuwa mpelelezi aliyevuma mabonde saba. Akaja kwa miguu yake mirefu, ta, ta, ta. Akaupima mlango kwa mdomo. Akainama, akatazama mavumbi, akasema, "Hmmm."

"Mmesikia?" kijiji kizima kikanong'ona. "Amesema hmmm!"

"Sasa nipeni chakula," alisema Korongo. "Kwa njaa sifikiri."

Mpishi wa karamu alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa macho. Akawapakulia wote wali. Korongo akala sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapangusa mdomo, akatangaza: "Shimo liko nyuma ya ghala. Mwenye shimo ni Ngiri. Basi, mwizi ni Ngiri!"

"Si nilisema mimi?" Nyati alifoka.

Watoto wa Ngiri wakaangua kilio. Mama yao akaanza kukunja mkeka wao, machozi yakimdondoka.

Lakini Bi Nguchiro alikuwa ameona jambo wakati wa kupakua. Nyati, ambaye kila siku humaliza sinia peke yake, leo hakugusa hata tonge. Ameshibia wapi huyu? Ila nani angemsikiliza mpishi mbele ya Bwana Korongo?

Akatupa mwiko chini, pwaa! Akajishika kichwa.

"Ole wangu! Bi Tembo, nisamehe! Jana niliihamishia asali yako jikoni kwangu, na ule mtungi wa ghalani nikautia dawa yangu ya kuua kupe!"

"Dawa ya kupe?" Bi Tembo alishtuka.

"Kali, mama! Aliyeila, leo leo meno yatang'oka, mkia utanyofoka, na kama ana pembe, pu! pu! zitaanguka chini!"

Nyati akaruka juu, akazishika pembe zake. "Muongo wewe! Ilikuwa asali tupu! Tamu! Tena ilikuwa na masega mawili juu!"

 

Bi Tembo akageuka polepole. "Masega hayo niliyaweka mwenyewe, nikaufunika mtungi. Wewe umeyaonea wapi, Bwana Nyati?"

 Nyati akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani... dawa hakuna?"

"Hakuna," alisema Bi Nguchiro. "Nenda kamwombe radhi Ngiri."

Nyati akapiga magoti mavumbini mbele ya Ngiri na wanawe, kichwa chini, kijiji kizima kikimtazama. Na Bi Tembo akamwamuru aende msituni kutafuta asali nyingine, nyuki wamuume wasimuume.

Bwana Korongo akakohoa. "Ehe. Ndivyo nilivyoshuku tangu mwanzo. Je, kuna wali uliobaki?"

"Upo," alisema Bi Nguchiro, akiutandaza ule mkeka wa Ngiri upya. "Lakini wali huu ni wa Ngiri na watoto wake."

Basi, wanangu, mjue: ukweli hupatikana kwa jicho linaloangalia, si kwa jina linalovuma.