Digidigi Amtafuta Mwenye Dawa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na desturi yao barazani. Anayeleta neno hutaja kwanza aliyempa, na anakokaa.

Siku moja Kima akasimama. "Dawa ya homa ni ule mzizi mwekundu. Chemsha, mnyweshe mgonjwa."

"Nani kakupa?" wanyama wakauliza.

"Nani anipe? Nimeigundua mwenyewe!"

Akapigiwa makofi. Lo, kichwa kikamvimba!

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja tu, naye ana homa. Akachimba mzizi, akachemsha, akamnywesha. Mtoto akatapika, homa ikazidi. Akakimbia kwa Kima.

"Kaka Kima, mwanangu amezidiwa. Aliyekupa dawa ni nani, nikamuulize?"

"Ni yangu, dada. Mnyweshe tena."

Akamnywesha tena. Mtoto akalegea. Digidigi akarudi kwa Kima.

"Kaka Kima, nakuomba, aliyekupa ni nani?"

"Ni yangu, nimeshasema! Mnyweshe tena."

Jamani! Mnyweshe tena, na mwenyewe hajui asemalo!

Mara ya tatu Digidigi alikuja na mtoto, hafumbui macho. Akamlaza mbele ya Kima, akalia. "Haya, mnyweshe wewe."

Kima akamtazama mtoto. "Ni Nungunungu," akasema kwa sauti ndogo. "Yule wa kichuguuni, ng'ambo ya mto. Nilimsikia akiwafundisha wanawe, nikaondoka kabla hajamaliza."

Digidigi akambeba mwanawe mbio hadi kwa Nungunungu.

"Maji ya kwanza uliyamwaga?" Nungunungu akauliza.

"Kumbe yanamwagwa?"

"Ya kwanza ni sumu, mwanangu. Ya pili ndiyo dawa."

Wakachemsha, wakamwaga, wakachemsha tena. Mtoto akanywa, akalala. Alipoamka akaomba maziwa. Digidigi akalia tena, sasa kwa furaha.

Baraza lilipokutana, Digidigi akasimama. Kima akajikunja, akingoja kutukanwa.

"Dawa ya homa ni mzizi mwekundu, na maji ya kwanza yanamwagwa," akasema Digidigi. "Nimepewa na Nungunungu, anakaa kichuguuni, ng'ambo ya mto. Na jina lake nimetajiwa na Kima."

Akaketi. Kima akainama, machozi yakamdondoka.

Basi nanyi mnaosoma na kuandika, mkichukua neno la mtu, mtajeni, mseme na anapopatikana. Anayewasikiliza huenda akamhitaji kuliko nyinyi.

Hadithi yangu naitua hapa. Nilipewa na bibi yangu, Mwanakombo wa Pongwe. Mkiisimulia, mtajeni.