Gunia la Vipande Vibovu

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Maana yake ni kwamba kila kinachopendeza machoni kimemtoa fundi jasho, ingawa sisi watazamaji, kama ilivyo desturi yetu, huona uzuri tu.

Marcella alisomea ufundi katika chuo kimoja mjini Migori. Siku moja Bi. Jedidah, mkaguzi kutoka Homa Bay, alikuja kuamua kama karakana yao ya vyuma ifungwe, kwani ilisemekana haitoi kazi yoyote ya maana. Marcella na mwenzake Jeff walikuwa na kitu kimoja tu cha kuiokoa: kipande cha aloi ya alumini, kinene kama mkono, ambacho fuwele zake, zile chembe zinazokijenga, zote zilielekea upande mmoja kama nyuzi za muwa. Aloi ya namna hiyo huwa imara ajabu.

Haikupatikana kwa lelemama. Kwanza Marcella aliyeyusha aloi katika mrija mwembamba kama kalamu, akaushusha polepole kutoka kwenye tanuru hadi kwenye maji baridi. Fuwele zikajipanga, Jeff akashangilia. Walipotumia mrija mnene kwa mwendo ule ule, fuwele zikavurugika kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Jeff akakata tamaa. Marcella, msichana asiyejua kushindwa, akakata kipande kwa msumeno, akakiosha kwa asidi ili fuwele zionekane, akakichunguza. Pembeni kuliganda mapema huku katikati kukiwa moto bado. Kumbe mrija mnene ulitaka kushushwa taratibu zaidi, joto la katikati lipate kutoka kwa kupitia chini! Akazidi kupunguza mwendo, na kila kipande kikawa afadhali kuliko kilichotangulia.

Siku hiyo ya ukaguzi Bi. Jedidah alikigeuzageuza kile kipande kizuri, uso ameukunja.

"Hii mmenunua Nairobi," akasema. "Hapa hakuna mashine ya kutengeneza kitu kama hii."

Marcella akamgeukia mwenzake. "Jeff, zile zingine ziko wapi?"

"Nilificha, Marce. Si ni za aibu?"

"Leta zote!"

Jeff akakokota gunia alimovificha. Marcella akavipanga vipande mezani, akianza na kibovu kabisa. Mkaguzi akainama, akavifuata kimoja kimoja, akiona fuwele zikinyooka kidogo kidogo mpaka kile cha mwisho. Akavua miwani yake.

"Niwie radhi, binti yangu," akasema. "Aliyenunua hawezi kuwa na makosa haya yote. Karakana haifungwi. Na hizi mbovu msitupe, wenzenu wafundishwe nazo."

Marcella akaangua kilio cha furaha mbele ya watu wote. Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.